Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: makumbusho yetu na wenyewe

Ndugu wanachama, mama zetu, wazee wetu wa Mkomani na Langoni, na vijana mliokuja kutoka Shela, Matondoni na Siyu,

Assalaam alaykum.

Katiba ya chama inanitaka niwasomee kazi za mwaka kabla ya uchaguzi. Mengi mnayajua, kwa sababu nyinyi ndio mlioyafanya, kwa hivyo sitayapitia yote. Nitakaa zaidi kwenye jambo moja lililotushughulisha mwaka mzima: ni nani anayeingia Makumbusho ya Lamu, na anaingia kufanya nini.

Maneno ya barazani mnayajua. Ile nyumba ya baharini, wanasema, ni ya wageni. Mtalii hushuka gatini, akaingia, akapiga picha, akaelekea Shela. Mtoto wa Langoni hupita mlangoni kila siku akienda chuoni na hajui kilichomo. Maneno hayo yana asili yake. Jengo lilijengwa mwishoni mwa karne ya 19 na likawa makao ya maofisa wa serikali ya kikoloni. Bibi zetu hawakuwa na shughuli ya kupanda ngazi zake. Makumbusho yalipofunguliwa mapema miaka ya 1970, James de Vere Allen akiwa msimamizi wa kwanza, vitu vilivyopangwa ndani vilikuwa vya mji huu na visiwa hivi: viti vya enzi, vyetezo, vito, sahani za Uchina, mifano ya majahazi. Vitu viliingia, wenyewe wakabaki barazani.

Tazameni zile siwa mbili, pembe kubwa za kupulizwa, zilizomo makumbushoni. Ya Pate ni ya pembe ya ndovu, ndefu kumpita mtu mzima. Ya Amu, yaani Lamu, ni ya shaba. Zote hupulizwa ubavuni, si nchani, na hazikutengenezwa ili zitazamwe. Zilitolewa kwa shughuli za watu wakubwa, na siwa ikilia mji mzima ulijua kuna jambo. Simwambii mtu tuzitoe tukazipulize mtaani. Pembe ya karne ya 17 si ya kupigwa na jua na kugombaniwa na vijana wenye simu. Lakini mtu akisimama mbele ya kioo, asiambiwe ilipulizwa lini, kwa nani na kwa idhini ya nani, ameona nusu ya kitu.

Kwa fikra hiyo kamati iliamua kwamba onyesho letu la mwaka huu liwe la arusi, na walioandaa wawe kina mama wenyewe. Walileta mikeka, vyetezo, kanga za zamani na pembe za vugo, ngoma ya arusi ya wanawake. Tulikuwa tumekwisha kutenga kabati la kioo kwa ajili ya pembe hizo. Kina mama wakakataa: pembe haziingii kabatini kabla hazijapigwa. Basi siku ya kufungua, wanaume tukaambiwa tutoke, simu zikakusanywa, mlango ukafungwa. Mimi na katibu tulikaa nje kwenye ukuta wa bahari, tukisikia vijiti vikigonga pembe na nyimbo zikipokezanwa, na wapita njia wakisimama kuuliza kuna arusi ya nani. Wanawake waliohudhuria siku ile, wengi walikuwa hawajawahi kukanyaga mle ndani. Wengine walirudi na watoto. Sina picha ya kuweka kwenye taarifa hii, na ni sawa.

Kazi ya pili, na ndiyo iliyochukua nguvu zetu nyingi, ni darasa la nakshi za chokaa. Kila mwanachama ameshaiona nyumba ya Kiswahili ya karne ya 18 ambayo makumbusho yameihifadhi: daka la kuingilia, kiwanda (ua wa ndani), msana wa tini na msana wa yuu (kumbi mbili ndefu), kisha ndani, na ukuta wa zidaka, vijishubaka vya nakshi, ukikutazama. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti za mikoko haziruhusu upana mkubwa, na fundi wa zamani aliutumia ufinyu huo: kila ukienda ndani nakshi huzidi, mpaka ukuta wa mwisho. Vijana wetu walikuwa wakiitazama kama picha. Swali letu kwao lilikuwa: mwaweza kuufanya?

Tulianza na chokaa yenyewe. Mawe ya matumbawe huchomwa juu ya lundo la magogo mpaka yawe meupe na mepesi, yakazimwa kwa maji, na chokaa ikaachwa ipoe kwa muda mrefu. Vijana walichoka na kungoja, na wawili watatu wakaacha. Fundi mkuu hakuwabembeleza. Baada ya hapo hupigwa plasta, na hapo ndipo mkono unapojulikana, maana nakshi hukatwa kwa kisu chokaa ikiwa bado haijashika. Ukiwahi, inamomonyoka. Ukichelewa, inapasuka vipande. Fundi huibonyeza kwa ukucha; ukucha ukiacha alama isiyo na maji, ndipo anaposema "kata". Bikari huchora duara, kisu hufuata, na vumbi hupulizwa kwa mdomo. Kipande cha kwanza kilichosimama, cha upana wa viganja viwili, sasa kimewekwa mlangoni mwa ofisi ya chama. Kimepinda kidogo upande wa kulia. Hatukitengenezi.

Darasa hili lina faida nyingine isiyo ya mapambo. Nyumba nyingi mjini zinazibwa nyufa kwa saruji. Saruji huzuia ukuta wa matumbawe usipumue, unyevu na chumvi hubaki ndani, na baada ya misimu michache ya mvua ukuta huchubuka vibaya kuliko mwanzo. Mji wetu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, lakini orodha haipigi plasta. Anayejua chokaa ndiye atakayeisimamisha nyumba ya mamake.

Hapa nina lalamiko, na nitalisema. Mfadhili mmoja alituahidi fedha za awamu ya pili ya darasa, akaja akapiga picha na vijana, akatutaka tubadilishe ratiba ili ifuatane na safari zake, kisha akanyamaza. Barua zetu tatu hazijajibiwa. Kamati imeamua kwamba kuanzia sasa hakuna kazi itakayotangazwa kabla fedha hazijaingia benki, hata mwenye ahadi awe nani.

Kuhusu Siyu nitasema machache, ingawa jambo ni zito. Mji ule ulikuwa na waandishi wa misahafu waliosifika, na mafundi wa milango na ngozi. Ndipo alipoolewa Mwana Kupona, mshairi ambaye utendi wake wa 1858 bado mabinti wanausoma. Karatasi za zamani bado zimo masandukuni, na mchwa wanazijua kuliko sisi. Zaidi ya mchwa wako wanunuzi wanaopita majumbani na fedha mkononi, wakitaka vitabu, milango na viti. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inazuia vitu vya kale kutolewa nchini bila kibali, lakini sheria haipo sebuleni pale bei inapotajwa. Mwenye karatasi, tunamwomba aturuhusu tuzipige picha nyumbani kwake, zibaki kwake. Hatutaki mtu aogope kwamba chama kinakuja kuchukua.

Ngome ya Lamu iko vizuri. Wapo hapa wanaoikumbuka ikiwa jela, mpaka miaka ya 1980, na mtu akipita karibu akigeuza uso. Leo watu wanaingia kwa arusi, mikutano na kusoma, na hakuna anayeiita ya wageni. Naitaja kwa wale wanaoniambia kwamba jengo la baharini halitabadilika. Ngome ilikuwa na sifa mbaya zaidi.

Bandari mpya kule Ghuba ya Manda imeleta watu na kazi, na baadhi ya vijana wa darasa letu wamekwenda huko. Siwalaumu, mshahara wa kila mwezi hushinda kisu cha chokaa. Ninachotaka ni tuwatafutie siku za kufanya yote mawili, na pendekezo la masomo ya Ijumaa jioni na Jumamosi liko kwenye ajenda.

Hesabu atazisoma mhazini. Nitatangulia kusema tu kwamba ada nyingi hazijalipwa, zikiwemo za wajumbe wa kamati, na wanaohusika wamo humu ukumbini.

Mwakani kamati inapendekeza onyesho la milango: fundi akae kiwandani mwa makumbusho na patasi yake, achonge mlango na mfaa wake, ule mti wa katikati, mbele ya watu kuanzia ubao mtupu mpaka ukamilike, na mlango ukiisha ufungwe kwenye nyumba ya mtu mjini, si kwenye ukuta wa onyesho. Tunahitaji mbao za bambakofi na mwenye nyumba aliye tayari. Majina mawili yameshafika kwa katibu. Mwenye jina la tatu alipeleke kabla ya alasiri, maana kura ya kuchagua nyumba itapigwa pamoja na ya viongozi.