Mama, simu yako naisikia ikilia

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kidonda cha nyuma ya sikio kimefunga na natembea bila fimbo, ingawa gizani bado nayumba. Mdogo wangu, msomee Mama polepole, na usiziruke sehemu zinazochosha.

Najua umekasirika, Mama. Ulisikia nimewekewa chombo cha kusikia, ukapiga simu mara tatu, sikupokea. Nilijua inalia, mwezi wa pili tangu kiwashwe nisingejua. Lakini ningepokea, nisingeambulia neno.

Uvimbe ulioniletea yote haya si kansa. Unaota kwenye ala, yaani ganda, la neva (mshipa wa fahamu) ya mizani ya mwili, na neva hiyo hupita pamoja na ile ya kusikia ndani ya tundu jembamba la mfupa, kwa hiyo ukikua unaibana. Mimi ninao pande zote mbili. Wa kulia ulipotolewa, usikivu wa upande huo ulikwenda nao. Huu wa kushoto ulikuwa umeanza kusukuma shina la ubongo, sehemu ya chini inayouunganisha na uti wa mgongo, hapakuwa tena na kusubiri.

Nilidhani nitawekewa kipandikizi cha kokilia, kile kinachoingizwa ndani kabisa ya sikio, kwenye sehemu iliyojikunja kama konokono. Kumbe kile hupeleka umeme kwenye neva ya kusikia, na neva isipokuwepo hakina wa kumpa ujumbe. Wapo wenye uvimbe kama wangu ambao neva yao husalimika, nao hunufaika nacho. Yangu ilikuwa imeshikana na uvimbe, ikakatwa. Basi wapasuaji wakaipita njia hiyo kabisa: wakalaza kibati kidogo chenye elektrodi, vijincha vya kupitisha umeme, juu ya shina la ubongo, pale neva ilipokuwa ikiishia. Jambo hili lilifanywa mara ya kwanza mwaka 1979 huko Los Angeles, na madaktari William House na William Hitselberger, kwa mgonjwa mwenye ugonjwa huuhuu wangu.

Hawakukiwasha palepale. Zilipita wiki sita, kisha wakajaribu elektrodi moja baada ya nyingine huku wakitazama mapigo ya moyo, maana jirani ya sehemu ile kuna neva zenye kazi nyeti. Moja ilinitekenya koo. Nyingine ilizungusha chumba. Hizo zilizimwa. Iliyofuata ikaleta sauti, na Mama, nilitaka waizime pia! Ilikuwa kama bati linalokwaruzwa ndani ya pipa, na mtaalamu mbele yangu akitabasamu, kumbe alikuwa akinisalimia.

Huu ni mwezi wa tano tangu kiwashwe. Mlango ukigongwa, najua. Bomba likiachwa wazi, najua. Nikikutazama midomo, sauti hii hunipa mapigo ya maneno, wapi linaanza na wapi linakatika, nami naunganisha sentensi nzima. Nikifumba macho najua tu kwamba mtu anasema. Wapo wachache wanaoelewa maneno bila kutazama midomo. Mimi simo, na sitaki mtangaze kwamba nimepona masikio. Nafanya mazoezi kila jioni, sauti zilezile, mpaka zinanichosha.

Uliuliza ugonjwa huu umetoka upande wa nani. Acheni kutafutana. Ni hitilafu katika jeni moja, chembe ya urithi, kwenye kromosomu ya 22, moja ya nyuzi zinazobeba jeni mwilini, na karibu nusu ya wagonjwa hawakuirithi kwa yeyote. Huanza kwao wenyewe. Inawezekana ilianza kwangu.

Lakini ikishaanza, haishii hapo. Kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi moja kati ya mbili ya kuirithi. Mwanangu yuko kwenu, na kila mara mnaniandikia kwamba anasikia vizuri. Mimi pia nilisikia vizuri hadi sikio moja likaanza kupiga mluzi, nikalipuuza miaka miwili. Ndani ya bahasha kuna barua ya daktari wangu inayoeleza kipimo cha jeni anachotakiwa kufanyiwa. Mdogo wangu, mpeleke wewe, na usimtishe njiani. Akikutwa nayo atakuwa akipigwa picha za kichwa mara kwa mara, uvimbe uonekane ukiwa bado mdogo.

Jumapili nitapiga simu ya video. Mama, usikae na dirisha mgongoni, uso unakuwa giza. Usipaze sauti, inavuruga midomo. Zungumzeni kama kawaida, mmoja mmoja, na mwanangu aanze.

Mwanao.