Sala isihesabiwe kwa saini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie malezi ya kidini katika vyuo vyetu vidogo vya Kikristo, nikiwa mzazi na mwalimu mstaafu wa hapa Unguja. Binti yangu, anayesomea ualimu katika chuo kimoja cha aina hiyo, amekuja likizo na barua ya onyo kwa kukosa sala ya asubuhi mara tatu. Ananieleza kwamba mlangoni mwa kanisa la chuo huwekwa daftari la mahudhurio, na kalamu imefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza isichukuliwe, na kwamba wapo wanaotia saini yao na ya mwenzao kisha wakarudi dakhalia kulala.

Sipingi chuo kuwa na saa za sala. Napinga onyo na daftari, kwa sababu vinamzoesha kijana kudanganya mbele ya mlango wa kanisa, naye kesho atakabidhiwa darasa la watoto. Sisi Wakristo wa Zanzibar tunaishi baina ya Waislamu. Kila alfajiri baada ya adhana nasikia kandambili za jirani zangu zikipita uchochoroni kuelekea msikitini, na katika umri wangu wote sijaona mtu amesimama pale kuandika majina. Vijana wetu nao wanayasikia hayo.

Tena malezi ya vyuo si jambo geni visiwani. Kule Kiungani, chuo cha zamani cha hapa Unguja, wamisheni wa UMCA, yaani misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, waliishi pamoja na vijana waliookolewa utumwani, wakawafundisha hadi wakatoka walimu na mapadri. Cecil Majaliwa, aliyelelewa hapo, alipata daraja ya upadri mwaka 1890. Katika chuo cha binti yangu padri hufika Jumapili, akaongoza ibada, akaondoka kabla ya chakula cha mchana.

Hata hivyo, kila Jumatano usiku wasichana tisa hukusanyika chumbani mwao kusoma Zaburi na kuombeana, na umeme ukikatika huwasha tochi ya simu. Binti yangu hajakosa hata mara moja. Nawaomba wakuu wa vyuo waliondoe daftari, na wamwombe padri abakie mpaka jioni, akae na wanafunzi hao.

Mzazi,
Unguja