Barua ya wazi kwa vijana wetu wanaocheza futiboli vyuoni: mkisalimiwa, itikieni

Marahaba, wanangu.

Najua hamjaniamkia. Ila mzee akikaa kusubiri shikamoo ya vijana waliokulia Marekani anaweza kuzeeka mara mbili, kwa hiyo nimetanguliza kuitikia. Shikamoo zenu mtanilipa tukionana.

Nawaandikia ninyi watoto wa nyumba zetu, wa Kigoma na Uvira, wa Bukavu, Bujumbura na Mombasa, mnaocheza futiboli ya Kimarekani katika vyuo vya huku. Wengine mko vyuo ambavyo uwanja wake unaweza kumeza mji mzima unaouzunguka. Wengine mko vyuo vidogo, jukwaani wamo wazazi, wachumba na mbwa wawili. Barua ni yenu nyote.

Chanzo chake ni harusi. Mwezi uliopita, pilau likiwa bado jikoni, mama mmoja alitusimulia alivyoendesha gari kwa muda wa saa nne, sambusa zikiwa kiti cha nyuma, akasimama kwenye kamba ya kuzuia mashabiki tangu asubuhi mahali basi la timu linaposhusha wachezaji. Mwanawe akashuka, hedifoni masikioni, macho mgongoni mwa mwenzake, akampita mama yake umbali wa mkono. Mama akaita jina la nyumbani, lile ambalo makocha hawalijui. Kijana hakugeuka. Na kwa kuwa kijana mwenyewe alikuwepo harusini, alijibu kwa upole kabisa: “Mama, pale nilikuwa kazini.”

Meza ikagawanyika. Kina baba wakasema mtoto hajakosea. Kina mama wakauliza ni kazi gani hiyo inayomziba mtu masikio asimsikie aliyemzaa. Nikageukiwa mimi, mkubwa wa meza. Nikasema tule kwanza. Nilikuwa na njaa, ni kweli, lakini pia sikuwa na jibu. Sasa ninalo.

Chuoni nilikosoma utotoni kule Ujiji, na nasema chuo cha Kurani, si hivi vyuo vyenu vya helmeti, tulifundishwa kwamba kuanza salamu ni sunna na kuitikia ni wajibu. Anayeanza ana hiari, anayesalimiwa hana. Mwalimu hakutaja kwamba wenye mechi wamesamehewa.

Hata hivyo sitaki kuwahukumu kwa fundisho moja tu. Nimeishi hapa Iowa City miaka 19 na naijua Jumamosi ya mechi. Moshi wa nyama unaanza kwenye maegesho kabla jua halijachomoza. Uwanja wa Kinnick, wa Chuo Kikuu cha Iowa, unabeba karibu watu 70,000, na wanapopiga kelele mimi nikiwa jirani kabisa na ukuta wake nahisi vyombo vikitetemeka. Kijana wa miaka 19 anayeshuka basini ana orodha ya mbinu kichwani, kila moja na jina lake kama nambari ya simu, na baada ya saa mbili atagongana na jitu la kilo 130 lililolala vizuri. Moyo unamdunda. Muziki ule masikioni ndiyo hirizi yake. Na kocha anayewakataza msitawanye akili si adui wa adabu, anajua ajira yake iko miguuni mwenu.

Kwa hiyo ninachoomba ni kidogo sana. Siombi msimame. Siombi selfi wala saini, wala mkono kwa watu mia nne. Inua kiganja, au kidevu tu. Shusha hedifoni ya sikio moja kwa zile hatua za kutoka basini hadi mlangoni. Jicho likikutana na jicho, liitikie, halafu endelea na safari yako.

Maana hayo matembezi yenyewe, ya wachezaji kupita katikati ya mashabiki wakienda uwanjani, hayakubuniwa na watu wa matangazo. Kule chuo cha Auburn, jimbo la Alabama, miaka ya 1960, wachezaji walikuwa wakitoka bwenini kwenda uwanjani kwa miguu kupitia barabara ya Donahue, na watoto wa mji wakaanza kujipanga kando ili wawaone kwa karibu. Watoto ndio walioanzisha. Wakubwa wakafuata nyuma, mpaka tarehe 2 Desemba 1989, siku ambayo mahasimu wao, timu ya Chuo Kikuu cha Alabama, walikubali kwenda kucheza Auburn kwa mara ya kwanza, barabara ile ikafurika watu wanaokadiriwa kuwa 20,000. Chuo cha Tennessee wakaiga mwaka uliofuata. Leo karibu kila chuo kikubwa kina matembezi yake, na jina lake, na kamba, na askari, na bendi.

Sasa hapo ndipo ninapowabana. Kama shabaha ni mchezaji asionane na mtu, basi la timu lingeweza kuegeshwa mlango wa nyuma. Viongozi wenu wamewapitisha katikati ya watu kwa makusudi. Ukishapitishwa katikati ya watu kwa makusudi, huwezi tena kutembea kama uliye peke yako. Aliyesimama pale hakuvamia ofisi yako, amealikwa.

Hapa kwetu kuna sanamu ya Nile Kinnick nje ya uwanja uliopewa jina lake. Ni yule kijana aliyeshinda tuzo ya Heisman, ile ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo, mwaka 1939 na kufa mwaka 1943 akiwa rubani wa jeshi la majini, ndege yake ilipoanguka baharini katika mazoezi. Sanamu imebeba vitabu, na helmeti iko miguuni pake. Wachezaji wakipita huigusa ile helmeti. Desturi nzuri, siisemi vibaya. Nasema tu kwamba mkono uliopata nafasi ya kugusa shaba ya marehemu haukosi nafasi ya kumpungia bibi mzima aliyesimama hatua tatu kutoka hapo.

Mtaniambia: Babu, sisi huwashukuru mashabiki baada ya mechi. Nimewaona. Wachezaji wa chuo cha Ohio State husimama mbele ya bendi yao wakaimba wimbo wa chuo, na vyuo vingine vina namna zao. Sasa nisikilizeni vizuri, maana hili ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Salamu ya baada ya mechi imeshaonja matokeo. Mkishinda mnapunga mikono yote miwili na kurukia majukwaani, na mkishindwa mnaingia shimoni, ile njia ya kwenda vyumbani, na taulo kichwani. Shabiki naye ni hivyo hivyo, atakukumbatia au atakutukana kwa hesabu ya ubao. Kabla ya mechi ubao ni sifuri kwa sifuri. Yule mama kwenye kamba hajui kama utadondosha mpira. Anakuita kwa sababu ni wewe. Saa ile ndiyo pekee katika siku nzima ambapo yeye hana cha kukudai wala wewe huna cha kumwonyesha, na ndiyo saa mliyochagua kuziba masikio.

Nami nilishaziba. Nilikuwa kipa wa timu ya shule, futiboli yetu ile ya mguu, na tulikwenda Kigoma mjini kucheza. Bibi yangu alitoka Ujiji kwa miguu, kanga moja kiunoni na nyingine kichwani, yeye ambaye hakujua hata goli linahesabiwaje. Tulipokuwa tunaingia kwa mstari akaniita, “Mume wangu!” kama mabibi wanavyowaita wajukuu. Wenzangu wakacheka. Nikakaza shingo nikatazama mbele. Jioni hakuniuliza tulifungana ngapi. Aliuliza, “Uliniona?” Nikamjibu kwamba sikumwona, watu walikuwa wengi. Watu hawakuwa wengi, wanangu. Hatukufika hata mia mbili uwanja mzima, pamoja na mbuzi.

Hayo ya shule yangu ni madogo. Kuna la kazini kwangu.

Wengi wenu mnajua nafanya usafi katika hospitali ya watoto iliyo ng'ambo ya barabara kutoka Kinnick. Ghorofa ya 12 ina madirisha makubwa yanayotazama uwanja moja kwa moja. Hospitali ilifunguliwa mwaka 2017, na mwaka huo huo, tarehe 2 Septemba, katika mechi na timu ya chuo cha Wyoming, mashabiki walianza jambo ambalo sasa linajulikana nchi nzima: robo ya kwanza ya mechi ikiisha, uwanja wote unageuka, unatazama juu na kuwapungia watoto waliolazwa. Wachezaji wa pande zote mbili hupunga, waamuzi pia. Wazo lilitoka kwa shabiki, halikutoka kwenye ofisi ya mtu. Nimeliona mara nyingi na bado nageuza uso kujifanya nafuta kioo.

Lakini kilichonikaa zaidi ni kitu ambacho televisheni haikukionyesha. Ilikuwa mapema, majukwaa bado matupu, wapo wale wachezaji wa kupiga mpira kwa mguu wanaotangulia kupasha misuli. (Ndio pekee katika mchezo wenu mzima wanaocheza kitu ninachokielewa.) Mmoja alipiga, akarudi nyuma, akahesabu hatua, akainua kichwa kutazama madirisha yetu, akainua mkono. Halafu akarudi kwenye mpira wake. Muda wote huo haukutosha kufuta kizingiti kimoja cha dirisha. Kando yangu palikuwa na mtoto wa miaka saba hivi, dripu mkononi. Hakupunga, mkono ulikuwa umefungwa. Aliniuliza yule ni nani. Nikamwambia sijui, lakini amekuona. Akabaki hapo dirishani mpaka kikao chake cha dawa, na alipokuja muuguzi akamweleza kwamba kuna mchezaji anamjua.

Yule kijana alipiga vizuri siku hiyo? Sikumbuki.

Kuna wanaoleta habari ya fedha, nami siikwepi. Tangu Julai 2021 mnaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zenu, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa moja kwa moja. Nafurahi. Miaka mingi watu walijenga viwanja vya mamilioni juu ya magoti ya vijana wasiopata hata nauli ya kwenda kwao. Lakini fedha imeleta maneno mawili ambayo yote siyataki. Shabiki anasema: nimelipa tiketi, lazima anisalimie. Mchezaji anasema: nimelipwa nicheze, sikulipwa nipunge. Tangu lini salamu ikawekwa kwenye risiti? Fundi anayekuja kukuezekea nyumba hulipwa kwa bati na misumari, na bado akiingia uani anabisha hodi. Akiingia kimya hata kama paa litatoka zuri, nyumba nzima itamsema wiki mbili.

Tena msinielewe vibaya. Simaanishi kila mtu. Tangu kamari ya michezo iruhusiwe katika majimbo mengi baada ya uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2018, kuna watu wanaowaandikia vijana matusi na vitisho kwa sababu mpira mmoja umewapotezea dau. Wapo wanaojipenyeza kwenye kamba wakiuliza kwa sauti ya kirafiki goti la fulani linaendeleaje. Huyo si msalimiaji, ni mpelelezi wa dau, mpite kama nguzo. Anayekutukana pia mpite. Wajibu wa kuitikia ni kwa salamu, na matusi hayajawahi kuwa salamu hata kama yametanguliwa na jina lako. Na kijana ambaye siku hiyo ana jambo zito nyumbani, ana msiba, au kichwa chake hakiko sawa, asichunguzwe shingo. Apite, wenzake wapunge kwa niaba yake. Kwetu mmoja akiitikia kundini inatosha kwa wote.

Ninyi wazazi mnaosoma hii juu ya mabega yao, neno moja. Mkipungiwa mara moja, tosheka. Msikimbie pembeni ya kamba mkidai ya pili, ya picha, na ya shangazi aliye kwenye simu kule Bujumbura. Na sambusa zipeleke baada ya mechi. Nimeambiwa zile za yule mama zililiwa na askari wa lango, naye akaziitikia vizuri kuliko mtoto.

Yule kijana wa harusini alinifuata nje wakati tunaagana. Akaniuliza, je, akipunga halafu akacheza vibaya, si watasema alikuwa anatafuta umaarufu? Nikamwambia watasema. Akauliza tena, na asipopunga akacheza vibaya? Nikamwambia watasema pia. Akacheka, akaenda kumfungulia mama yake mlango wa gari.

Jumamosi hii timu yake inakuja kucheza hapa kwetu. Niko zamu ya asubuhi, ghorofa ya 12, dirisha la tatu kutoka kushoto, sare ya bluu na kitambaa cha njano mkononi. Kitambaa nitakiinua mimi kwanza.