Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha: akiba ya ruzuku ya chakula itajwe na inakokwenda

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kwa heshima kuhusu hoja inayozuka kila bajeti inapobana: kwamba Serikali ikijitoa katika kugawa chakula au kushusha bei yake, Hazina itaokoa fedha nyingi. Hoja hiyo ni ya kweli, ila ni nusu ya hesabu.

Uingereza ilianza mgawo wa chakula Januari 1940 na kuumaliza Julai 1954, na mwaka uliofuata Wizara ya Chakula ikaunganishwa na ile ya Kilimo. Mtu angedhani akiba ilitokana na makarani na vitabu vya mgawo, kumbe mzigo mkubwa ulikuwa ruzuku. Katika bajeti ya Machi 1952, Waziri wa Fedha R. A. Butler aliipunguza kutoka pauni milioni 410 hadi milioni 250, na katika hotuba hiyohiyo akatangaza nyongeza ya posho za watoto na pensheni pamoja na nafuu ya kodi. Mtu angeweza kumpinga, na wengi walimpinga, lakini alijua fedha inakotoka na inakokwenda.

Kwetu Tanzania, ruzuku ya sembe iliyopitia Shirika la Taifa la Usagishaji (NMC) iliondolewa mwaka 1984, na fidia iliyotolewa ilikuwa nyongeza ya mishahara. Sikatai kwamba shirika lile lilikuwa limeelemewa na madeni, wala sizitamani foleni za maduka ya kaya, yaliyouza bidhaa kwa mgawo. Tatizo ni kwamba mshahara humfikia mwajiriwa tu. Mama lishe wa Tandika na mchukuzi wa Kariakoo, ambao nao hununua kila kilo ya unga wanayokula, hawana mwajiri wa kuwaongezea chochote.

Kwa hiyo naomba kwamba, siku Serikali itakapopunguza fedha za chakula, yakiwemo mahindi ambayo Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula huyauza ili kutuliza bei, Hotuba ya Bajeti itaje kiasi kilichookolewa pamoja na kasma (fungu la bajeti) kilikohamishiwa, na ieleze ni kwa njia gani kitamfikia asiye na mshahara. Maelezo hayo yawafikie wabunge kabla hawajapiga kura ya kupitisha bajeti.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Temeke, Dar es Salaam