Mwanafunzi wa Kijapani aachwe achekeshe

Ndugu Mhariri,

Msomaji wako wa Jinja ameandika kwamba anayejifunza lugha ya kigeni asithubutu kutunga shairi mpaka aimudu lugha yenyewe. Mimi nakataa. Nauza vipuri vya magari Kisekka, hapa Kampala, na jioni najifunza Kijapani. Natunga, tena natunga ya kuchekesha.

Wajapani wana shairi liitwalo senryu: mizani (silabi) 17 basi, yaani tano, saba, tano, na halidai vina. Sisi tuliozoea mshororo wa mizani 16 tutaona kwamba shairi lao zima limeuzidi mshororo wetu mmoja kwa mizani moja tu. Haiku nayo ina mizani hizo hizo, ila kwa desturi hutaka neno la msimu: theluji, maua ya mcheri. Theluji ya Uganda iko kileleni Rwenzori, na mimi huko sijapanda. Nikisifu mcheri nitakuwa nadanganya, tena kwa Kijapani kibovu. Senryu haina shida na msimu. Inamtazama binadamu: mkwe, bosi, mfuko mtupu. Hayo yote ninayo.

Gari langu, kama mengi ya mtumba kutoka Japani, linaongea. Nikiliwasha, sauti ya mwanamke inaniarifu kwa adabu zote kwamba kadi ya kulipia barabara haijachomekwa. Kadi yenyewe ni ya huko kwao. Hata barabara yetu ya kulipia ya Entebbe haiitambui. Bibi huyo ndiye aliyenipa hili:

Nihongo wa
kuruma no hō ga
jōzu da na

Kwa Kiswahili, mizani zile zile:

Kwa Kijapani
gari ndilo mwalimu,
mie mkia.

Hiyo "no hō ga" ni ya kulinganisha vitu viwili. Kitabuni ilikuwa ikinipiga chenga. Tangu niitumie kulisema gari, haitoki kichwani. Ile "ō" ni mizani mbili, kama "saa" yetu, na "n" ya katikati ya Nihongo inasimama peke yake kama "m" ya "mtu". Ukiikata moja, shairi linapwaya na sikio linakwambia papo hapo. Niambie zoezi gani la sarufi lenye ukali huo.

Na asije mtu akasema huu ni utoto. Jina la senryu limetokana na Karai Senryū wa Edo, Tokyo ya leo, aliyefariki mwaka 1790. Sifa yake haikuwa kutunga bali kuchagua: watu walimpelekea beti, yeye akachambua zipi zichapwe, na mkusanyo wa kwanza ukatoka 1765. Tangu 1987 kampuni ya bima ya Dai-ichi Life inashindanisha senryu za wafanyakazi. Watunzi hujificha nyuma ya majina ya kupanga, maana bosi naye anasoma.

Basi naomba kona ndogo kwenye ukurasa wa mashairi, kwa Kijapani, Kiswahili au lugha yoyote mtu anayoihangaikia. Nafungua mimi:

Taksi yajaa.
Konda: "Bado mmoja!"
Kwa saa nzima.

Wenye mabosi wakali nao waruhusiwe majina ya kupanga. Langu liko hapo chini.

Kadi Haijachomekwa,
Kisekka, Kampala