Malalamiko Kuhusu Safari ya Mlima Elgon Kupitia Kapsokwony

Kondele,
Kisumu.
28 Aprili 2025

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja,
Ofisi Kuu,
Nakuru.

Bwana/Bi. Meneja,

KUH: SAFARI YA MLIMA ELGON, 18 HADI 21 APRILI 2025

Ninaandika kwa niaba yangu na ya marafiki zangu watano, sote wakazi wa Kisumu, tulioilipa kampuni yenu ili itupeleke Mlima Elgon kwa siku nne za Pasaka, tukitembea kwa miguu na mashanta mgongoni kutoka mji wa Kapsokwony hadi nyika za juu za Chepkitale. Kila mmoja wetu alilipa shilingi 14,500, jumla shilingi 87,000, na fedha hizo ziliwafikia zote wiki tatu kabla ya kuondoka. Lalamiko letu ni kwamba matayarisho yenu yaliishia njiani, na kwamba yote yaliyotuwezesha kupanda na kushuka salama yalitoka mikononi mwa watu wa mlimani, ambao mpaka leo hamjawalipa.

Ya barabarani nitayapitia kwa haraka. Mlituahidi gari linalovuta kwa magurudumu yote manne kwa sababu Aprili ni mwezi wa mvua. Lililokuja ni matatu ya kawaida ya abiria 14, na dereva alitushusha Kimilili saa kumi jioni akisema kwamba hakuambiwa habari za kwenda mbele zaidi. Tulifika Kapsokwony kwa bodaboda, kila mtu na shanta lake, mvua ikitunyeshea, kwa shilingi 300 kila mmoja.

Vifaa ndivyo vilivyotutia hofu ya kwanza. Barua yenu ya maelekezo ilitukataza kubeba hema au mifuko ya kulalia, kwa kuwa kampuni ingetupa "vifaa kamili vya baridi ya mlimani". Usiku ule tulipovifungua, tulikuta kwamba zipu ya mfuko wangu ilikuwa imeng'oka meno kuanzia magotini hadi kifuani, na aliyeutumia kabla yangu alikuwa ameufunga kwa pini tatu za nepi, ambazo bado zilikuwa humo zikiwa zimeshika kutu. Fito ya hema moja ilikuwa imeungwa kwa kipande cha bomba la plastiki na kuzungushiwa gundi ya karatasi. Mkanda wa shanta mlilomkodishia mmoja wetu ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa fundi viatu, nao ulikatika kabla hatujamaliza saa moja ya kutembea siku iliyofuata. Mwenye hoteli ndogo tulimokula chakula cha jioni aliyatazama hayo yote, akaingia ndani bila kusema neno, akatoka na mablanketi sita mazito ambayo alitukabidhi bila kututoza chochote. Kama si mablanketi hayo, sijui tungeupitishaje usiku wa Jumamosi, kwa maana tulipoamka sakitu ilikuwa imetanda juu ya nyasi na kamba za hema zilikuwa zimekakamaa.

Kuhusu mwelekezi, naomba nieleweke vizuri, kwa sababu sitaki kijana huyo aadhibiwe kwa kosa lisilo lake. Yeye mwenyewe alituambia kwa unyofu, jioni ya kwanza, kwamba hajawahi kukanyaga Elgon. Amezoea kupandisha wageni Menengai na Longonot, na mlimwita kwa kazi hii usiku wa kuamkia safari. Longonot, kwa urefu wake wa mita 2,776, mtu huupanda na kushuka siku hiyohiyo. Elgon ni mlima mwingine kabisa: una msitu mnene, una mianzi inayofunga njia, na juu yake kuna nyika pana ambako ukungu ukishuka hata mwenyeji hupunguza mwendo. Alipowapigia simu kuwaeleza hali, ofisi yenu ilimwambia atafute wenyeji watatu, mmoja wa kuongoza na wawili wa kubeba mizigo, na kwamba kampuni ingewalipa shilingi 1,500 kila mmoja kwa siku mara tu tukirudi. Maneno hayo sote tuliyasikia, kwa maana simu ilikuwa mezani ikiwa imefunguliwa sauti.

Asubuhi ya Jumamosi vijana hao watatu walitutafutia nafasi kwenye lori lililokuwa likienda kuchukua viazi, tukashuka Laboot na kuanza kutembea. Kisumu iko kiasi cha mita 1,130 kutoka usawa wa bahari. Ratiba yenu ilitutaka tulale juu ya mita 3,000 usiku wa pili tu baada ya kuondoka nyumbani, bila siku ya mwili kuzoea, na bila hata sentensi moja ya kututahadharisha juu ya ugonjwa wa mwinuko, ule unaompata mtu anapopanda juu kabla mwili haujazoea. Usiku huo mwenzetu mmoja aliumwa kichwa kupita kiasi, akatapika mara nne, na kulipopambazuka alikuwa akiyumba kila alipojaribu kusimama, kana kwamba mguu haujui ardhi iko wapi. Sanduku la huduma ya kwanza mlilotupa lilikuwa na plasta na chupa ya spiriti. Kijana mmoja alikimbia hadi ukingo wa bonde ambako mtandao hupatikana, akapiga nambari yenu ya dharura mara tano, na mara zote tano simu iliita hadi ikakatika.

Kiongozi wetu mwenyeji hakusubiri mara ya sita. Alisema ugonjwa huo dawa yake ni kushuka, na kushuka sasa hivi. Akambeba mgonjwa mgongoni penye mteremko mkali, akamshika mkono penye tambarare, wenzake wawili wakijitwika mashanta yaliyobaki, na kufikia saa saba mchana mgonjwa alikuwa ameketi Laboot kwenye nyumba ya jamaa wa mmoja wao, akinywa uji na kuuliza tuko wapi. Tulilala hapo hapo, na Jumatatu ya Pasaka tukashuka Kapsokwony.

Liko jambo jingine ambalo huenda kwenu ni dogo, ila kwangu lina uzito uleule. Tangazo lenu linaiita Chepkitale "nyika isiyo na watu". Jumamosi jioni wazee wawili walikuja kambini wakatusalimu kwa heshima, wakauliza ni nani aliyetupa ruhusa ya kupiga kambi kwenye malisho yao. Hatukuwa na jibu. Chepkitale ni nyumbani kwa jamii ya Ogiek, na Septemba 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma ilitoa uamuzi ulioitambua ardhi hiyo kuwa yao. Kampuni inayouza safari za huko haina udhuru wa kutolijua hilo. Vijana wetu walituombea radhi kwa lugha yao, tukaruhusiwa kubaki, lakini aibu ile tuliibeba sisi ilhali kosa lilikuwa lenu. Tangazo hilohilo limepambwa kwa picha ya Pango la Kitum, ambamo tembo huingia usiku kulamba chumvi. Pango hilo liko ndani ya Hifadhi ya Taifa, upande wa Trans Nzoia, ambako watu huingilia lango la Chorlim. Katika ratiba mliyotuuzia hapakuwa na siku wala saa ya kufika huko.

Nilipowapigia tarehe 23 Aprili, mfanyakazi wenu alinijibu kwamba masharti yanaiondolea kampuni lawama juu ya hali ya hewa. Hatulalamikii mvua. Tulijua kwamba Aprili inanyesha, nasi tulikuja na makoti. Tunalalamikia zipu, simu isiyopokelewa, ratiba inayohatarisha afya, na ujira wa watu waliofanya kazi yenu. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mtumiaji haki ya huduma zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazozihitaji, ulinzi wa afya na usalama wake, na fidia anapopata hasara. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inaitilia nguvu haki hiyo.

Tunachodai kwanza ni malipo ya vijana watatu. Walifanya kazi Jumamosi, Jumapili na Jumatatu, na ujira wao kwa ahadi yenu wenyewe ni shilingi 13,500. Sisi tuliwachangia shilingi 6,000 kutoka mifukoni mwetu kwa sababu hatukuweza kuondoka na kuwaacha mikono mitupu. Shilingi 7,500 zilizobaki mwatumie wao moja kwa moja, na zile 6,000 mturudishie sisi pamoja na shilingi 1,800 za bodaboda. Pili, mturudishie nusu ya ada ya safari, yaani shilingi 43,500, kwa vifaa visivyofaa na siku mbili za kupanda tulizozipoteza. Tatu, muondoe kwenye tangazo picha ya Kitum na maneno hayo kuhusu Chepkitale, na muongeze usiku mmoja wa kuzoea mwinuko kabla ya kumpeleka mteja mwingine yeyote huko.

Tunasubiri jibu lenu la maandishi ndani ya siku 14. Likikosekana, nakala ya barua hii itafika kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, nasi tutafungua shauri katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Nimeambatisha risiti za malipo, picha za vifaa, na orodha ya simu tano tulizopiga asubuhi ya Jumapili.

Nambari za simu za vijana hao ninazo, na nitawapeni siku hiyohiyo mtakapothibitisha kwamba fedha zao ziko tayari.

Wenu mwaminifu,

Mratibu wa kundi,
kwa niaba ya wasafiri sita.