Bima ya dhima ya kitaaluma haiitoshi kliniki ya meno

Mhariri,

Makala mliyoichapisha hivi karibuni kuhusu uhalifu wa mtandaoni dhidi ya hospitali ilieleza mengi ya maana, lakini ilizungumzia hospitali kubwa peke yake, kana kwamba wadukuzi huhesabu vitanda kwanza ndipo waingie. Mimi ni daktari wa meno mwenye kliniki ndogo. Naomba nafasi katika safu yako nieleze kwa nini naamini kwamba kliniki za ukubwa huu zinaihitaji bima ya dhima ya mtandao, yaani bima ya hasara na madai yanayotokana na kudukuliwa kwa kompyuta na data zetu, pengine kuliko hospitali zenyewe, na kwa nini bima nyingine tunazolipia kila mwaka haziwezi kushika nafasi yake.

Mtu asiyeifahamu kazi yetu hudhani kwamba faili la mgonjwa wa meno lina habari za meno tu. Kwa kweli humo mna jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho, simu, mwajiri na namba ya uanachama wa bima ya afya, kisha fomu ya historia ya afya ambayo mgonjwa huijaza kwa unyofu kwa sababu tumemweleza kwamba hatuwezi kumchoma sindano ya ganzi wala kumng'oa jino bila kujua kama ana ujauzito, kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama ana homa ya ini au anaishi na virusi vya UKIMWI. Yamo mambo katika fomu hiyo ambayo hata mwenzi wake hayajui. Kadi ya benki ikiibwa, benki huifuta na kutoa nyingine. Maradhi ya mtu yakishamwagwa mtandaoni hayafutiki. Tena wagonjwa wetu wengi ni watoto, ambao utambulisho wao humfaa sana mwizi, kwa kuwa hakuna anayekagua mikopo iliyochukuliwa kwa jina la mtoto wa miaka 6, na wizi wa namna hiyo unaweza kukaa miaka mingi kabla ya kugundulika.

Sasa tuangalie nani anazilinda data hizo. Hospitali kubwa ina idara nzima ya teknolojia ya habari. Kwetu sisi, idara hiyo ni fundi mmoja wa nje anayeingia katika kompyuta zetu akiwa mbali pindi zinapogoma, na fundi huyo huyo anahudumia kliniki nyingine chungu nzima. Kompyuta iliyounganishwa na mashine ya eksirei mara nyingi ndiyo kongwe kuliko zote. Inatumia toleo la Windows ambalo Microsoft ilikwisha kuacha kulitolea masasisho ya usalama, na hakuna anayethubutu kuigusa, kwa sababu programu ya kihisi cha picha haikubali toleo jipya, na gharama ya kununua kihisi kingine huahirishwa mwaka hadi mwaka. Wauzaji wa vifaa wanalijua jambo hili vizuri kuliko sisi, ingawa sijapata kumsikia hata mmoja akilitaja siku ya kuuza. Kompyuta hiyo imo katika mtandao mmoja na ile ya mapokezi, ambayo kutwa inapokea barua pepe kutoka kwa kila mtu.

Programu ya kikomboleo, yaani ile ambayo wadukuzi huitumia kuyafunga mafaili yako na kudai fedha ili wayafungue, ikishaingia, mambo huenda hivi. Mpokezi anawasha kompyuta asubuhi, orodha ya miadi haifunguki, na kwa hiyo hajui nani anakuja saa ngapi, wala hana namba za simu za kuwaarifu wasije. Kitini amekaa mgonjwa aliyefunguliwa jino wiki iliyopita kwa ajili ya matibabu ya mzizi; lina dawa ndani na kizibo cha muda juu, na urefu wa kila mfereji uliopimwa siku ile umo katika faili lisilofunguka. Daktari angeweza kumpiga picha upya, ila mashine ya picha nayo inategemea kompyuta iliyofungwa. Anarudishwa nyumbani na kizibo chake cha muda. Hali hiyo inaweza kuendelea kwa siku kadhaa au hata wiki, na mishahara na kodi ya pango haviachi kudaiwa.

Haya hayakutungwa na mawakala wa bima ili kututisha. Agosti 2019, kampuni mbili za jimbo la Wisconsin nchini Marekani, The Digital Dental Record na PerCSoft, zilivamiwa kupitia huduma yao ya kuhifadhi nakala za akiba, na takriban kliniki 400 za meno zikajikuta zimefungiwa data zake. Zingatia kwamba njia waliyoingilia ni ile ile iliyowekwa kwa ajili ya kujikinga na siku kama hiyo. Kabla ya mwaka huo kwisha, zaidi ya kliniki 100 za meno zilipatwa na masaibu kama hayo kupitia kampuni ya Colorado iliyokuwa ikizihudumia kompyuta zao. Mwaka 2023, kampuni ya MCNA Dental, inayosimamia bima za meno, ilitangaza kwamba data za watu wapatao milioni 8.9 zilikuwa zimeibwa. Februari 2024, Change Healthcare, inayopitisha madai ya malipo kati ya watoa huduma na kampuni za bima za afya, ilishambuliwa, na kliniki ambazo kompyuta zao hazikuguswa kabisa zikashindwa kupeleka madai na kulipwa.

Wenzangu wengi hunijibu kwamba wana bima tayari. Ndiyo, wanayo, lakini ya nini? Bima ya dhima ya kitaaluma inahusu madhara yatokanayo na matibabu: jino lisilostahili limeng'olewa, neva imejeruhiwa, mgonjwa ameshtaki. Bima ya mali inahusu moto, mafuriko na wizi wa vitu, hivyo mwizi akibeba kompyuta unalipwa thamani ya kompyuta, na rekodi zilizokuwamo hazihesabiwi. Baadhi ya mikataba ya dhima ya kitaaluma huambatanishwa na kipengele kidogo cha mtandao, na wakala hukitaja kwa madaha. Ukisoma kikomo chake utaona kwamba huenda kisitoshe hata kumlipa mtaalamu wa kuchunguza mdukuzi aliingilia wapi na alichukua nini.

Uchunguzi huo ndio kiini cha jambo, na ndiyo sababu sikubaliani na wanaodhani kwamba bima hii ni mfuko wa kuwalipa wahuni. Sheria haimuulizi daktari kama amerudishiwa mafaili yake. Humuuliza ni data za nani zilizoonekana, na kama wahusika wameambiwa. Chini ya kanuni za Umoja wa Ulaya, mamlaka inapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72 tangu uvujaji ujulikane. Marekani, wagonjwa lazima waarifiwe pasipo kuchelewa na kabla ya siku 60 kupita, na wakizidi 500 katika jimbo moja, vyombo vya habari pia huarifiwa. Daktari wa meno hawezi kuyafanya hayo huku akiziba meno. Anahitaji mchunguzi wa kompyuta, wakili anayejua sheria za data, watu wa kuandika na kutuma maelfu ya barua, na watu wa kupokea simu za wagonjwa wenye hasira na hofu. Mkataba mzuri wa bima huja na namba moja ya simu ambayo ukiipiga usiku wa manane hao wote huanza kazi, wakiwa wamekubaliana na kampuni ya bima kuhusu malipo tangu zamani. Hospitali kubwa inaweza kuwatafuta na kuwalipa yenyewe. Kliniki ya viti viwili haiwezi, na hata ikiwa na fedha haijui pa kuanzia. Juu ya hayo, mkataba hufidia mapato yanayopotea wakati milango imefungwa, gharama za kurejesha data, na, kama jina la bima linavyoonyesha, dhima yenyewe: madai ya wagonjwa walioumizwa na uvujaji pamoja na gharama za kujitetea mbele ya mamlaka.

Kuhusu kikomboleo, hoja ya wakosoaji ina uzito. Bima inayolipa bila kuuliza huwanenepesha wadukuzi, na kulipa hakuhakikishi chochote: Change Healthcare ililipiwa kikomboleo cha dola milioni 22, kisha kundi jingine likajitokeza likidai kwamba bado linazo data zile zile. Ningependa kuona mikataba ikikiweka kikomboleo mwisho kabisa, baada ya njia zote za kurejesha data kushindikana. Hilo hata hivyo ni suala la jinsi ya kuandika mkataba. Hakuna anayesema tuishi bila bima ya moto kwa sababu wapo wanaochoma nyumba zao wenyewe.

Lipo la kuwaonya wenzangu watakaokata bima hii. Fomu ya maombi huuliza kama kliniki inatumia uthibitishaji wa hatua mbili (nywila pamoja na uthibitisho wa pili, kama msimbo wa simu), kama nakala za akiba zinawekwa nje ya mtandao, na kama wafanyakazi wamefundishwa kutambua barua pepe za hadaa. Usimwachie wakala aweke alama ya ndiyo kila mahali. Mwaka 2022, kampuni ya bima ya Travelers ilikwenda mahakamani nchini Marekani dhidi ya mteja wake ambaye alikuwa amedai kutumia uthibitishaji wa hatua mbili, na baada ya shambulio ikaonekana sivyo. Mkataba ukabatilishwa kana kwamba haukuwahi kuwapo. Soma pia kuhusu saa za kusubiri kabla fidia ya mapato haijaanza kuhesabiwa, kuhusu mashambulio yanayohusishwa na serikali za nchi, ambayo mikataba mingi sasa huyatenga, na kuhusu barua pepe inayojifanya imetoka kwa muuzaji wa vifaa na kukuelekeza ulipe katika akaunti mpya, kwani hasara ya namna hiyo mara nyingi ina kikomo chake, na hicho huwa kidogo. La muhimu kuliko yote kwa kliniki kama zetu ni kama fidia hulipwa pale anaposhambuliwa fundi au mtoa huduma wetu, kwa maana yaliyotokea mwaka 2019 na 2024 yalianzia huko.

Kampuni za bima zinasoma gazeti hili. Ningefurahi zikijibu kupitia safu yako kama ziko tayari kukaa na vyama vya madaktari wa meno na kuandaa mkataba wa pamoja kwa kliniki ndogo, wenye lugha ambayo daktari anaweza kuisoma bila wakili pembeni, na wenye ada inayopungua kwa kliniki iliyoitenga kompyuta ya eksirei na mtandao wa mapokezi.

Wako mtiifu,
Daktari wa meno